Mafaili ya Machinjio

Faili la kwanza lilikuwa na jasho.

Mtunza masjala wa halmashauri, mwanamke ambaye wenzake walimwita Mama Faili, alitazama juu akidhani dari inavuja. Ilikuwa kavu. Nje, kiangazi kilikuwa mwezi wa tatu.

Mafaili yalikuwa ya ukaguzi wa nyama, ya machinjio yaliyofungwa zamani. Muda wake wa kutunzwa ulikuwa umekwisha; yale ya ukaguzi wa maji, rafu ya pili, bado. Kanuni ilitaka kila moja lifunguliwe na kusomwa kwanza, ndipo hati ya uteketezaji itiwe sahihi na karatasi zikatwe kwa mashine. Akafungua. Kurasa zilikuwa vuguvugu, zimenatana kama utumbo. Kila ukurasa ulikuwa na muhuri wa zambarau, "Inafaa kuliwa", hata wa siku ambazo mkaguzi alikuwa likizo. Nyuma kabisa palikuwa na barua ya baba aliyezika wanawe wawili baada ya mlo mmoja. Haikujibiwa.

Sahihi ya mkaguzi aliijua. Siku hizi mwenye sahihi ile ndiye bosi wake.

"Mkuu, humu kuna watu walikufa," alimwambia, sauti chini. "Siwezi kuweka sahihi."

"Muda umekwisha, mama. Karatasi ni karatasi." Bosi aliziba pua kwa leso. "Nitazikata mwenyewe kesho."

Jioni mumewe alisogeza kiti mbali naye.

"Mke wangu, usinielewe vibaya. Unanuka kidonda."

Alioga mara tatu. Mezani, tonge la kwanza lilimkwama kooni. Akaingiza vidole, akashika kitu chembamba, akavuta, nacho kikaja, kikaja, utepe wa karatasi uliolowa, wenye mafuta na wino wa zambarau. Watoto walikimbilia chumbani wakilia.

Mumewe alimwita mjomba wa mkewe, msoma dua wa siku nyingi. Mzee alinusa mlangoni, akatema mate.

"Jini huyu amenenepea uovu uliofichwa," alinong'ona. "Kwako amepita tu, kwa kuwa ulimfungulia. Anamtafuta aliyemlisha."

Akasoma, akimshika kichwa mpwa wake, hadi mpwa akatapika ute mweusi, na harufu ikamtoka kama nguo inavyovuliwa.

"Kesho usiyaguse yale mafaili. Hata uitwe."

Asubuhi Mama Faili alikuta mlango wa masjala umerudishwa tu. Ndani mashine ilisikika ikifanya kazi, lakini si kwa mngurumo wake wa kila siku, bali kwa mlio wa taya, kutafuna na kunyonya na kupumzika na kutafuna tena, na uvundo ulitambaa chini ya mlango, mzito kama mchuzi uliolala, akawa hataki kuingia wala miguu haikubali kuondoka, mpaka mkono wake wenyewe ukasukuma mlango.

Mashine ilikuwa imezimwa, waya umezungushwa vizuri juu yake.

Bosi alikaa sakafuni kati ya majalada matupu, tumbo limeumuka hadi vifungo vya shati vimeng'oka, kidevu kikichuruzika mafuta ya zambarau. Barua ya yule baba ilikuwa nusu nje ya mdomo wake. Machozi yalimtoka, lakini taya hazikusimama.

Akaimeza. Kisha sauti isiyo yake ikauliza kwa adabu:

"Mama, na yale mafaili ya maji yanakwisha muda lini?"