Mchanga, Sema Kweli

Hadithi inakuja. Ipokeeni kwa masikio yote mawili, na moja likichoka, tumieni la pili.

Palikuwa na mtoto, jina lake Tumu. Alikaa Tanga na Bibi yake na Mjomba Sefu.

Tumu haamini kitu upesi. Uji ataunusa kwanza. Kiatu atakikung'uta kwanza. Ukimwambia leo ni Jumatano, atakwenda kumuuliza jirani.

Siku moja Mjomba Sefu aliweka tangi dogo la kioo sebuleni. Akatia maji ya bahari, jiwe moja, na tumbawe moja la zambarau.

Rafiki yake akampa samaki. Samaki mdogo, mwembamba, anameta kama kipini cha puani kwa Bibi. Basi Tumu akamwita Kipini.

Tumu alimpenda Kipini saa ile ile. Kwa samaki huyu hakuwa na shaka hata chembe.

Lakini Kipini hakulala. Jioni alishuka chini, akagonga kioo kwa pua. Ti, ti, ti.

Jioni ya pili tena. Ti, ti, ti. Tumu akamwonea huruma sana.

Mjomba akaeleza. Samaki wa namna hii hulala ndani ya mchanga. Hujifukia mzima mzima. Na tangi lao, chini lilikuwa kioo kitupu.

"Asipolala ataugua," Mjomba akasema. "Jua likizama leo hana kitanda, namrudisha kwa mwenyewe."

Tumu akataka kulia. Hakutaka Kipini aondoke.

Mjomba akatoka mbio. Akarudi na ndoo ya mchanga mwekundu, mchanga wa kujengea nyumba.

Tumu akachota kidogo, akatia katika bakuli la maji. Maji yakawa kama chai.

Mmh! Tumu akakunja pua.
"Mchanga huu, mimi siuamini."

Mjomba akatoka tena. Akarudi na mfuko wa dukani. Mchanga mweupe pe, unang'aa. Juu ya mfuko pamechorwa samaki anacheka.

Tumu akamkodolea macho yule samaki. Samaki gani huyu ana meno kama ya mtu?

Akausugua mchanga kiganjani. Kwaru, kwaru! Kiganja kikamuuma. Akalifikiria tumbo laini la Kipini.

Mmh! Tumu akakunja pua.
"Mchanga huu, mimi siuamini."

Mjomba akakaa chini, akajifuta jasho. Akalalamika kwamba mtoto huyu hata kivuli chake anakishuku. Na alasiri ilikuwa imekwisha ingia.

Bibi alikuwa jikoni, anakatia kachumbari ndimu. Akawasikia. Akaja na nusu ya ndimu mkononi.

"Kushuku si vibaya, mjukuu wangu," akasema. "Lakini ukishuku, uliza."

Tumu akashangaa. Mchanga unaulizwaje?

Bibi akamweleza taratibu. Mchanga wa makombe ya baharini na matumbawe, ukiutilia ndimu, hutoa sauti. Huo ndio unaoyafaa maji ya bahari. Huyatunza, hayachachi. Mchanga mwingine hunyamaza tu.

Tumu akaukamulia ndimu mchanga mwekundu.
"Mchanga, mchanga, sema kweli!"
Kimya.

Akaukamulia ndimu mchanga mweupe.
"Mchanga, mchanga, sema kweli!"
Kimya. Samaki wa kwenye mfuko aliendelea kucheka tu.

Bibi akaenda uani. Akaburuta gunia lake, kru, kru, kru. Ndani mlikuwa na makombe yaliyosagika hata yakawa mchanga. Hayo huwapa kuku wake, wapate kutaga mayai yenye ganda gumu.

Tumu akachungulia. Rangi ya majivu! Tena unanuka banda! Chakula cha kuku, kiwe kitanda cha Kipini? Huo aliushuku kuliko yote.

Mmh! Tumu akakunja pua.
"Mchanga huu, mimi siuamini."

Bibi hakubishana naye. Akampa ndimu.

"Mchanga, mchanga, sema kweli!"

Tssssss!

Vipovu vikatoka vingi vingi. Tumu akatega sikio. Tssssss!

Akauliza mara ya pili, maana Tumu ni Tumu. Mchanga ukajibu vile vile. Tssssss!

Basi kazi ikaanza. Bibi akachekecha, cheke, cheke, cheke. Vipande vikubwa akawawekea kuku. Vidogo laini akamwekea Kipini.

Wakauosha mchanga huo kama mchele wa pilau. Maji ya kwanza yakawa kama maziwa. Wakamwaga, wakaosha tena. Mara saba, mpaka maji yakawa safi.

Mjomba akautandaza polepole chini ya tangi, kimo cha vidole vitatu. Maji yakachafuka. Wakangoja. Maji yakatulia.

Jua lilikuwa limegusa paa la jirani. Kipini akashuka.

Akaunusa mchanga. Akazunguka. Akaunusa tena.

"Na yeye anashuku," Tumu akanong'ona.

Kipini akainamisha kichwa. Pfu! Akazama. Mchanga ukatikisika kidogo, kisha kimya.

Hapakuonekana pezi wala mkia. Jua likazama. Hakuna aliyegonga kioo.

Mjomba akasema amelala. Bibi naye akasema amelala.

Lakini je, amelala kweli? Tumu akakunja mkono wa gauni. Afukue kidogo tu, aone. Kidole kikagusa maji.

Akakitoa.

"Aliyelala haamshwi ili aulizwe kama amelala," akasema.

Akamtakia Kipini usiku mwema, kwa sauti ndogo kabisa. Akaenda kulala na yeye.