Bei za Bi Mwanaheri

"Nazi moja ya wastani?"

"Elfu moja na mia tano."

Talha aliinua macho kutoka kwenye kishikwambi chake. Kibao cha boksi kilichochomekwa juu ya nazi kilisema elfu moja na mia mbili, tena kwa mwandiko wa huyohuyo dada aliyekuwa anamjibu.

"Dada, kibao chako kinasema mia mbili."

"Basi andika mia mbili. Nimeteleza ulimi."

Soko la Mbagala lilikuwa linachemka asubuhi ile, watu wanapigana vikumbo, lakini Talha alibaki kamtumbulia macho. Dera la zambarau, mtandio mweusi, kidoti juu ya mdomo. Jina lake Munira, mrithi wa genge la marehemu mama yake, Bi Mwanaheri. Naye Munira alikuwa anamtazama huyu kijana mrefu, mrefu mpaka turubai la genge linampapasa nywele.

Talha kazi yake ilikuwa kukusanya bei. Kila tarehe kumi na mbili lazima afike genge lilelile, amuulize muuzaji yuleyule bei za vitu vilevile. Kitu kisipokuwepo anaandika "haipo", anaendelea. Kubahatisha hakuruhusiwi.

Mwezi uliofuata nazi ikawa elfu moja na mia tano. Talha akaona ni bahati tu. Mwezi wa tatu Munira "akateleza" tena, kwenye vitunguu, na wa nne vitunguu vikafika palepale. Siku hiyo Talha alimletea juisi ya ukwaju.

"Munira, wewe unapiga ramli?"

"Ningekuwa napiga ramli ningekaa kwenye jua hili? Hebu niambie, mrefu wangu, hizo bei mnazipeleka wapi?"

Moyo wa Talha uliruka kwa lile neno "wangu", lakini akajikaza kikazi. "Zinakusanywa nchi nzima. Kila miezi mitatu kamati ya Benki Kuu inakaa, inaangalia bei zinaelekea wapi. Wakiona zinataka kupaa, wanapandisha riba yao. Mabenki yakikopa kwa ghali, nayo yanatukopesha kwa ghali. Watu wanapunguza kukopa na kununua, bei zinatulia."

"Kwa hiyo wanapambana na kitu ambacho hakijafika."

"Ndiyo kazi yao. Wakingoja kifike, wamechelewa."

Kidogo Munira amwambie. Akanywa juisi.

Alichoficha ni hiki. Enzi za uhai wake, Bi Mwanaheri alikuwa akienda kununua mzigo soko la jumla la Mabibo, anampigia bintiye simu na kumsomea bei ili aziandike kwenye vibao. Akafa. Laini yake Munira aliivunja mwenyewe, vipande vimo kwenye kopo nyumbani. Ilipopita arobaini, tarehe kumi na moja adhuhuri, simu ikaita. Kwenye kioo imeandikwa Mama. Sauti ileile ya kukwaruza ikasoma bei, za mwezi ujao, kisha ikakata. Tangu hapo ikawa kila mwezi. Munira hakuwahi kuijibu hata neno moja. Angeanzaje?

Mapenzi nayo yakakolea.

"Umekula, laazizi?" Talha alimpigia mchana mmoja.

"Nakungoja unilishe."

"Nikulishe kwa simu?"

"Si ndo unavyonipendaga, kwa simu."

"Basi Ijumaa wazee wangu wanaleta barua ya posa. Hapo utaniambia nini?"

Munira alicheka mpaka wateja wakageuka. Hiyo ilikuwa tarehe kumi. Kesho yake adhuhuri simu ikaita.

"Maharage, elfu nne na mia mbili," ilisema sauti. "Vitunguu, elfu mbili na mia tano. Sanda." Karatasi ikasikika ikigeuzwa. "Sanda ya mtu mrefu." Ikataja bei.

Munira alikumbuka. Sanda ilishatajwa mara moja, mwaka jana, na kabla mwezi haujaisha mjomba wake Mbwana alizikwa. Bei ya sanda yake haikupishana hata shilingi. Ile ilikuwa ya mtu wa nyumba yao. Kama Talha hataingia nyumba hii, akawaza, labda sanda hii itampita.

"Waambie wazee wasije," alimwambia kwenye simu.

"Kuna mwingine?"

"Yupo."

Aliyakata mazungumzo hapo, akalia akiwa amejifunika mtandio. Kesho yake Talha alikuja kikazi, akauliza, akajibiwa, akaondoka. Mwezi mzima hakupiga, na Munira kila siku alikuwa akitega sikio kwa habari za msiba.

Tarehe kumi na mbili nyingine ikafika. Jana yake simu haikuita. Talha alitokea na shati jeupe lililopigwa pasi, na ule weupe ukamtia Munira baridi.

"Maharage?"

"Elfu nne na mia mbili."

"Kibao kinasema elfu tatu na mia sita."

Munira aligeuka akasoma mwandiko wake mwenyewe. "Mama hakosei," akasema.

"Mama gani?"

Akamwaga yote, mpaka sanda. Talha hakucheka. Alikaa juu ya debe, akafikiri.

"Benki Kuu walipandisha riba," alisema polepole. "Walanguzi walikuwa wamefungia maharage ghalani kwa pesa ya mkopo. Mkopo ulipowawia ghali wakayatoa, yamejaa Mabibo. Mama yako hakukosea, Munira. Aliona bei zinakokwenda, watu wakaziwahi."

"Na sanda?"

"Na sie tuwahi. Ungeniambia tu, mpenzi. Mwezi mzima nimekufa hai."

Simu ikaita. Haikuwahi kuita tarehe kumi na mbili. Mama, kilisema kioo. Munira aliweka sauti kubwa, na kelele zote za soko zikawa kama zimefungiwa mlango.

"Sanda," ilisema sauti. "Sanda ya mtu mrefu."

Munira aliushika mkono wa Talha.

"Haipo, mama."

Kalamu ikasikika ikikwaruza karatasi.

"Nimeandika," ilisema sauti. "Huyo mrefu anakuja lini?"

Talha, jasho linamtiririka, aliinamia simu.

"Shikamoo, mama. Ijumaa. Nakuja na wazee wangu."

"Marahaba," ilijibu sauti, na simu ikakatika.