Tuta Lililomezwa na Kamba

Pu! Pu! Pu!

Chiriku alifumbua macho. Kishindo kilitoka uani, na kila kilipodunda, vikombe vya jikoni vilitetemeka. Fundi alikuwa ameshaanza kushindilia udongo ili amwage zege!

Msichana huyo, aliyebandikwa jina hilo kwa domo lake, aliruka kitandani akitabasamu. Mama alikuwa ameagiza njia nyembamba tu ya zege, kutoka langoni hadi mlangoni. Lakini Chiriku alitaka uwanja wa kuruka kamba, kama majirani, ambao walikwisha kuzifunika nyua zao zote. Kwa hiyo jana jioni, fundi alipoondoka, Chiriku aling'oa vigingi na kuisogeza kamba ya vipimo hadi ikalimeza tuta la bibi. Tuta lenyewe lilionekana tupu. Nani angelililia?

Alipotoka nje, alimkuta bibi amesimama mbele ya fundi, mikono kiunoni.

"Wee fundi, una macho kweli? Hapo nimetia mbegu za mboga juzi!"

"Bibi, mimi nafuata kamba," fundi alijibu, gogo la kushindilia likiwa hewani. "Kamba ndiyo bosi wangu."

"Basi bosi wako kipofu!"

Bibi alibeba ndoo, akamwaga maji pale palipopigwa. Hayakuzama. Yalikimbia yakapita miguuni pa Chiriku, yakaelekea mlango wa jikoni. Chiriku alikumbuka mvua iliyopita, maji ya kwa majirani yalipowavamia. Tuta lile ndilo lililoyanywa, wakapona.

Alimsogelea bibi. "Bibi... kamba niliisogeza mimi."

Fundi alipiga mluzi. Bibi alimkazia macho mjukuu wake, kisha akamkabidhi jembe.

"Mdomo wako leo umefanya kazi ya maana. Sasa mikono."

Fundi aliirudisha kamba mahali pake. Chiriku alilitifua tuta hadi jasho likamchuruzika, na udongo ukawa laini tena.

"Mjukuu wangu," bibi alisema, "mji unakua, na watu lazima wajenge. Lakini nyumba unaweza kuiongeza ghorofa. Shamba huliongezi ghorofa. Ukiufunika udongo wote, hautakunywa maji wala hautakulisha. Na ukikosea, sema mapema, kabla zege halijakauka."

Chiriku alifuta jasho, akanyoosha kiganja apewe mbegu.

"Bibi, nakuahidi mbele ya fundi: tuta hili nitalipanda upya leo, na nitalimwagilia mimi mpaka tule mboga zake. Kamba nitaruka kwenye njia hiyo hiyo nyembamba!"