Kaseti ya Mama Odilia

Jumamosi ile soko kuu la Songea lilifurika mpaka mtu akidondosha leso hainami kuiokota. Upande huu dagaa wa Nyasa wananukia, upande ule wauza mitumba wanapigiana kelele, na katikati ya vurugu hiyo kasimama kijana mrefu mwenye shati la jinzi, visikizi shingoni, amenyoosha maikrofoni mbele ya cherehani ya Lidwina.

"Wewe kaka, hicho kidude unanielekezea kwa ruhusa ya nani?"

Lidwina aliuliza bila kuinua mguu kwenye pedali. Alivaa blauzi ya kitenge cha njano yenye mikono ya puto, futi imening'inia shingoni, nywele kasuka twende kilioni. Alikuwa mzuri, na alijua.

"Samahani dada. Naitwa Ramson, natoka Redio Lizombe. Nilikuwa narekodi kelele za soko, nikakusikia unaimba."

"Mimi? Mimi nashona."

"Unashona na unaimba. Nimekunasa humu. Sikiliza."

Akamvisha visikizi. Lidwina alipojisikia alifunika mdomo kwa kiganja.

"Jamani! Ndiyo ninavyoimba? Huo wimbo ni wa mama yangu, mimi nauharibu tu. Ukitaka kuusikia wenyewe, njoo nyumbani Mfaranyaki."

Jumatatu Ramson alikuwa uani kwao, kapiga magoti kumpa mama shikamoo. Mama Odilia alitoka Mbamba Bay, na huko ziwani alikuwa mwimbishaji wa kioda, ile ngoma ya wanawake wanaojipanga mistari na magauni meupe. Kifua kilikuwa kinamsumbua, lakini alipoanza kuimba mbele ya maikrofoni majirani waliacha kutwanga. Ubeti wa mwisho aliutunga mwenyewe Lidwina alipozaliwa, wa Kinyasa, na maana yake ni hii: Lidwina, nikichelewa ziwani, usinifungie mlango.

"Baba," alimwambia Ramson alipomaliza, "ukishanitangaza, hiyo kaseti mtunzie mwanangu."

"Nitaitunza, mama."

Ilikuwa mwaka 2002. Tulikuwa tumezoea redio ya kutoka mbali, inayosema habari za watu wa mbali. Sasa ruhusa za redio zilikuwa zimetolewa, na Songea nayo ikapata yake, yenye chumba kimoja na nusu. Jumapili saa kumi, kipindi cha Ngoma za Kwetu kilipomtoa Mama Odilia, Mfaranyaki nzima iliongeza sauti. Wanawake walitoka vibarazani wakacheza barabarani, na Lidwina akamwona yule kijana wa redio kwa jicho jingine.

Mapenzi yao yalikulia kwenye simu.

"Haloo, hapo Redio Lizombe?"

"Hapa ni kwa mume wako mtarajiwa. Ukitaka redio, kata upige tena."

"Mume gani? Mwenye shati moja?"

"Nishonee la pili basi, mama watoto."

"Nenda zako huko!" Lidwina alicheka mpaka mwenye kibanda cha simu akamkumbusha kuwa kuna foleni.

Mwezi wa nane kile kifua kilimchukua Mama Odilia. Ramson alibeba jeneza, akalala matanga siku zote, na ndugu walianza kumwita shemeji. Siku ya kuanua matanga Lidwina alimvuta pembeni, macho yamevimba.

"Ram, arobaini nataka wamsikie mwenyewe akiimba. Wenzake wa kioda watakuja kutoka Mbamba Bay. Kaseti ipo?"

"Ipo, mpenzi. Ondoa shaka."

Hakudanganya. Aliamini ipo. Kesho yake akaenda kwenye rafu ya studio, akaikuta. Yale maandishi "Mama Odilia, kioda" yalikuwa yamekatwa kwa kalamu, na chini yake imeandikwa "Kukausha tumbaku, somo la tatu." Mwandiko wake mwenyewe.

Redio ile ilikuwa na kaseti chache. Kipindi kikisharushwa, kaseti inarudi kazini, kingine kinarekodiwa juu yake. Mgongoni mwa kaseti kuna vijino viwili vya plastiki, ukivivunja hairekodiki tena, lakini pale studio aliyevunja vijino alionekana mharibifu. Mwezi wa tano, mtaalamu wa tumbaku kakaa anasubiri, Ramson alichukua kaseti iliyokuwa karibu na mkono. Hata hakusoma, na maandishi ya zamani aliyakata kwa mazoea huku macho yako kwenye saa.

Sasa hapo ndipo mwanamume anapopimwa, na Ramson alipimwa akaonekana mwepesi. Hakusema.

"Kaseti umeshaitoa?" Lidwina alipiga wiki iliyofuata.

"Naisafisha kwanza, ina mikwaruzo."

Wiki nyingine: "Ram, bado tu?"

"Fundi amesafiri, mpenzi."

Akaacha kwenda Mfaranyaki. Simu ya studio ikilia, anatoka nje. Lidwina, ambaye alikuwa na msiba mmoja, akaona anaongezewa wa pili.

"Kama umepata mwanamke mwingine niambie," alimwambia siku alipomnasa kwenye simu. "Nitalia mara moja, niyamalize yote."

"Hakuna mwanamke, Lidu."

"Ila?"

Ramson akaweka simu chini. Afadhali adhaniwe malaya kuliko ajulikane alichofanya. Ndivyo alivyojiambia, na nashindwa kumtetea.

Alhamisi, siku tisa kabla ya arobaini, Lidwina alifunga cherehani akajitanda khanga nyeusi akaenda mwenyewe. Ramson alikuwa hewani, anasoma salamu nyuma ya kioo. Lidwina aliisogelea rafu, akapekua, akaona jina la mama yake limepigwa mstari. Akaitia kwenye redio iliyokuwa mezani, akabonyeza. Sauti ya mwanamume ikaeleza namna ya kupanga majani ya tumbaku kwenye bani la kukaushia. Akaipeleka mbele. Tumbaku. Akaigeuza. Tumbaku.

Ramson alipotoka alimkuta amekaa sakafuni.

"Lidu..."

"Umemfuta mama yangu."

"Sikujua. Naapa, nilikuwa na haraka, sikutazama."

"Kufuta ungekuwa umekosea tu. Watu wanakosea. Lakini wiki tatu ulijua! Nimewaambia watu wa Mbamba Bay waje wamsikie, na wewe ulijua. Fundi amesafiri! Fundi gani, Ramson?"

Lidwina aliiweka kaseti mezani taratibu, akaondoka.

Jumapili saa kumi Ramson hakupiga ngoma ya kufungulia. Alisema jina lake, akasema: "Mwezi wa nne mlimsikia hapa Mama Odilia. Amefariki, na sauti yake nimeifuta mimi, kwa mkono wangu. Halafu nikamdanganya mwanawe. Kama yupo msikilizaji aliyerekodi kipindi kile nyumbani kwake, namwomba." Mkuu wa kituo aligonga kioo karibu akivunje.

Lidwina alisikia yote akiwa na mama yake mdogo, Skolastika.

"Angalau amekiri," alisema Skolastika.

"Sasa na msiba wangu umekuwa kipindi." Akazima redio.

Watu wanne walipiga simu siku ile, na wote walikuwa wamerekodi vipindi vingine. Jumanne ikalia tena.

"Naongea na Ramson? Mimi Bartholomeo, mkulima, niko Namtumbo. Mke wangu ni wa huko ziwani. Aliposikia kioda alilia, nikamrekodia. Njoo, ila ujue redio yetu ni ya betri, inakoroma."

Ramson aliwahi basi la kwanza. Akaisikilizia kaseti sebuleni kwa mzee Bartholomeo: jogoo akawika, mtoto akakohoa, na chini ya mkoromo Mama Odilia akaimba. Ramson alilia bila aibu. Kisha, ubeti wa mwisho ulipoanza, ikaingia sauti nyingine, ya furaha, ya kujipenda: "Naaam! Huyo si mwingine, ni Mama Odilia! Usibanduke, msikilizaji!"

Ilikuwa sauti yake. Ndiyo mtindo wa watangazaji wetu, kuupanda wimbo mgongoni kabla haujaisha, na siku ile alijiona fundi kweli.

Jumamosi ya arobaini aliingia uani kabla ya misa. Lidwina alikuwa na gauni jeupe alilojishonea.

"Nimeipata. Na safari hii nakuambia kabla hujasikia," alisema Ramson. "Ubeti wako haumo. Upo chini ya maneno yangu."

Lidwina aliipokea kaseti. Hakusema karibu, hakusema ondoka. Ramson akasimama kwenye ua, na begi lake la kurekodia begani.

Baada ya misa wanawake wa Mbamba Bay walijipanga, magauni meupe pe. Redio ikawekwa kwenye kigoda. Mama Odilia akaimba kati ya jogoo na mkoromo, na wenzake wakamwitikia huku wanafuta machozi. Ulipokaribia ubeti wa mwisho, Lidwina akabonyeza kuzima, "Naaam" haijatoka.

Kisha Lidwina akaimba. Alianza chini, sauti ikakatika, akaanza upya, safari hii akaifikisha: Lidwina, nikichelewa ziwani, usinifungie mlango. Wanawake wakapokea kwa pamoja.

"Wewe wa redio!" Skolastika alimwita. "Umekuja na begi la nini? Hurekodi?"

Ramson akamtazama Lidwina.

"Rekodi," alisema Lidwina. "Ila ufunge mdomo mpaka nimalize."

Akarudia tangu mwanzo, na Ramson hakukohoa hata mara moja. Alipomaliza, Lidwina alinyoosha mkono, akapewa kaseti mpya na ile ya Namtumbo. Akatoa mkasi wake wa kushonea, akavunja vijino vyote vinne, kimoja kimoja, vikaanguka mchangani.

"Hizi hazifutwi tena."

"Na mimi je?" Ramson aliuliza kwa sauti ndogo.

Lidwina akaurudisha mkasi mfukoni.

"Wewe nenda kale kwanza. Chakula kinapoa."