Mama Yangu Yuko Butembo

Kila asubuhi kabla ya shule, Bénita alimsaidia mama yake kuosha sambaza. Walikaa nyuma ya nyumba yao ya mbao mjini Goma, mashariki mwa Kongo, mwendo mfupi kutoka mtaa wa Himbi, kila mmoja na beseni lake. Mama alikuwa ameshanunua samaki hao wadogo ufukweni mwa ziwa, kukiwa bado na ukungu. Akishawaosha aliwakaanga na kuwauza kando ya njia pamoja na chapati. Wafanyakazi wa ofisi za karibu walimpenda kwa sababu hakuwauzia samaki wa jana.

Bénita alikuwa na miaka kumi na miwili. Kazi hiyo hakuichukia, lakini kila alipomaliza alijisugua mikono kwa sabuni na limau, akainusa, akajisugua tena. Hakutaka mtu yeyote darasani asikie harufu ya samaki.

Jambo lingine alilotaka lisijulikane ni kwamba mama yake alikuwa mgeni. Mama aliitwa Sikudhani, na alizaliwa Kigoma, Tanzania. Papa yake Bénita, Julien, mfanyabiashara wa mji wa Butembo hukohuko Kongo, alikutana naye Kigoma zamani alipokuwa akienda kununua ndagala, yaani dagaa. Walioana, wakahamia Goma, na hapo ndipo Bénita alipozaliwa. Miaka yote hiyo mama aliishi kwa visa ya muda mfupi, ikiisha anaomba nyingine. Mwaka huo wazazi waliamua kuomba kibali cha kuishi Kongo moja kwa moja, kwa kuwa mume wake ni raia. Walipeleka cheti cha ndoa na picha zao, wakaambiwa wasubiri. Afisa angekuja mtaani siku moja kuhakikisha kwamba kweli wanaishi pamoja kama mume na mke.

Siku moja wakati wa mapumziko, Bénita alikuwa amesimama karibu na lango la shule pamoja na Chance. Chance alikuwa msichana mcheshi ambaye kila mtu alitaka kukaa naye, na ni wiki hiyo tu alikuwa ameanza kumwita Bénita rafiki. Mara mama akatokea, kitenge chake kikiwa na madoa ya mafuta.

“Bénita,” alisema kwa sauti aliyozoea kuitia wateja, “mjomba amepiga simu. Bibi yako anaumwa. Leo ukitoka usizurure, njoo nyumbani moja kwa moja.”

Kule Kigoma, bibi ni mama wa baba au wa mama. Lakini Goma, mtu akisema “bibi yako”, watu huelewa “mke wako”. Mama alikuwa ndiyo kwanza ageuke aende zake wakati wanafunzi walipoanza kuangua kicheko.

“Bénita iko na bibi!” mmoja alisema.

“Harusi ilikuwa lini? Mbona hukutualika?” mwingine akadakia.

Chance naye alicheka hadi akashika tumbo. Kisha akamtazama Bénita. “Ule ni mama yako?”

Bénita alihisi masikio yake yanawaka. Harufu ya sambaza ilikuwa bado pale langoni.

“Hapana,” alisema. “Ni mufanyakazi wetu wa nyumba.”

“Na mama yako iko wapi?”

“Mama yangu iko Butembo. Anafanya biashara.”

Kengele ikalia, wakaingia darasani. Bénita aliketi akitazama ubao bila kusoma kilichoandikwa. Alijiambia kwamba maneno yale ni madogo na yameshapita.

Hayakupita. Juma lililofuata, Bénita na Chance walikuwa wakirudi nyumbani pamoja. Mwanamume mmoja mwenye shati jeupe na mkoba begani aliwasimamisha.

“Batoto, nyumba ya Papa Julien, ule anauzisha maharagi ya Kiwanja, iko wapi?”

Chance alimnyooshea Bénita kidole. “Ni papa ya huyu.”

“Vizuri,” yule mtu alisema kwa upole. “Ninaitwa Honoré, ninatoka ofisi inayoshughulika na wageni. Mama yako ni ule mama wa Tanzania?”

Bénita alijua mara moja huyo ni nani. Alijua pia kwamba Chance alikuwa anasikiliza. Angesema ndiyo, Chance angejua kwamba alimdanganya langoni, na kesho darasa zima lingejua. Alitazama mawe meusi ya barabarani.

“Hapana, Papa Honoré. Ule ni mufanyakazi. Mama yangu iko Butembo.”

Afisa aliandika kitu kwenye daftari. “Papa yako iko nyumbani sasa?”

“Ameenda kule Kiwanja kununua maharagi.”

Bénita alimwonyesha nyumba kwa kidole; afisa akashukuru, akaelekea huko. Bénita alimsindikiza Chance hadi kwao, akakaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipofika nyumbani, mama alikuwa na furaha.

“Afisa amekuja,” mama alisema. “Mtu mpole. Hakuuliza mengi. Amesema tutaitwa.”

Waliitwa kweli. Papa aliporudi na magunia yake, yeye na mama walivaa nguo za kanisani wakaenda ofisini. Bénita aliwaona wanarudi mchana, papa akiwa mbele, mama nyuma yake, hawasemezani. Papa alikaa kwenye kiti bila kuvua viatu.

“Wanasema ndoa yetu ni ya karatasi tu,” alisema. “Mutu wa hapa karibu amewaambia kama weye ni mufanyakazi wangu, na bibi yangu wa kweli iko Butembo. Dosie ya kibali imesimama.”

“Nani amesema hivyo?” mama aliuliza.

“Hawakutaja jina. Lakini mimi najua. Ni Henriette.”

Mama Henriette alikuwa jirani wa upande wa pili wa ua. Kipindi cha mvua papa na yeye walikuwa wamekosana kwa ajili ya mtaro wa nyumba ya papa uliokuwa ukimwaga maji uani kwa jirani huyo. Kabla mama hajamzuia, papa alikuwa ameshatoka. Bénita alisimama mlangoni, amebeba bidon tupu ya kuchotea maji, akasikia kila neno.

“Kama ulikuwa na hasira juu ya maji ungeniambia mimi,” papa alisema kwa sauti kubwa. “Kwa nini unaharibia bibi yangu? Weye ni mutu mubaya.”

“Mimi?” Mama Henriette alikuwa uani na watoto wake. “Papa Julien, si mimi nilikubali kuwasemea ku ofisi kama shahidi? Ninge…”

“Usinidanganye.”

Mama Henriette alimtazama, akatazama watoto wake waliokuwa wameacha kula. “Sawa,” alisema taratibu. “Tafuteni mutu mwingine wa kuwasemea.” Akawaingiza watoto ndani, akafunga mlango.

Bénita alihitaji kusema maneno matatu tu: ni mimi, Papa. Badala yake aligeuka. Akaenda kuchota maji.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Watoto wa Mama Henriette, ambao walizoea kuvuka ua kuja kula makombo ya chapati, hawakuvuka tena. Asubuhi Mama Henriette alipita na kumsalimu mama kwa kichwa tu, na Bénita alijificha nyuma ya nyumba mpaka apite. Shuleni Chance alimtendea vizuri, na kila wema wake ulimchoma. Hata mama alipomwekea chakula, Bénita alishindwa kumtazama usoni.

Jioni moja simu ililia. Ilikuwa ya mjomba, kutoka Kigoma.

“Kaka, natamani nije leo hii,” mama alisema. “Lakini faili langu limetiliwa shaka. Nikivuka mpaka sasa wanaweza kunikatalia kurudi, na mtoto wangu yuko huku. Mwambie mama anivumilie kidogo.” Alisikiliza. “Anakula? Hata uji?” Akasikiliza tena, kisha akasema, “Haya,” akakata simu.

Alirudi kwenye beseni la sambaza, akachukua chumvi na kunyunyiza. Baada ya muda akachukua chumvi tena, akanyunyiza samaki walewale.

“Mama, umeshatia chumvi,” Bénita alisema.

“Ee, kweli,” mama alijibu, akabaki ameshika kopo.

Bénita hakuweza kuvumilia zaidi. “Mama, si Mama Henriette aliyesema. Ni mimi.”

Mama hakuelewa. “Wewe umesema nini?”

“Afisa aliniuliza njiani. Nilimwambia wewe ni mfanyakazi wetu, na mama yangu yuko Butembo. Chance alikuwepo. Nilikuwa nimeshamwambia Chance hivyo siku ile ulipokuja shuleni.”

Mama aliweka kopo la chumvi chini. Alitoa karai kwenye moto ingawa mafuta yalikuwa bado hayajachemka.

“Kwa nini?” aliuliza.

“Walicheka uliposema bibi.” Bénita alianza kulia. “Waliniuliza harusi ilikuwa lini. Niliona haya.”

“Nilikisikia kile kicheko,” mama alisema. “Nilikuwa njiani narudi. Nilidhani mnafurahi.”

Alifunika beseni la samaki. Bénita alitamani achapwe au agombezwe. Hatimaye mama alisimama, akanawa mikono.

“Futa machozi. Twende kwa Mama Henriette.”

“Tusubiri kwanza Papa, Mama.”

“Papa atakwenda kwa miguu yake. Wewe utakwenda kwa yako.”

Mama Henriette alisikiliza habari yote akiwa amesimama mlangoni. Bénita alieleza akitazama vidole vya miguu yake, lakini alieleza yote, hata namna alivyosikia papa akimsingizia jirani huyo, kisha yeye mwenyewe akaenda kuchota maji.

“Papa yako alinitukana mbele ya batoto yangu,” Mama Henriette alisema. “Siku ngapi wananiuliza kama niliwafanyia ubaya.”

“Nisamehe, Mama Henriette.”

“Nitakusamehe. Lakini utawaambia na wao.”

Bénita aliwaambia. Kusema mbele ya wale watoto wadogo kulikuwa kugumu kuliko kusema mbele ya mama yao. Papa aliporudi na kuambiwa, alishika kichwa. Hakumpiga Bénita. Alivuka ua mwenyewe, akaomba msamaha mbele ya watoto walewale, na kabla giza halijaingia alichukua sepeto akachimba mtaro upya.

Bénita, wazazi wake na Mama Henriette walikwenda ofisini pamoja. Papa Honoré, yule afisa, alimsikiliza Bénita mpaka mwisho, mikono yake ikiwa juu ya meza.

“Siku ile ulisema neno moja, leo unasema lingine,” alisema. “Nitajua je kama si wazazi wako wamekufundisha?”

Bénita hakuwahi kufikiri kwamba siku ya kusema kweli mtu anaweza asimwamini. Aliwatazama wazazi wake, lakini hao hawakuweza kumsaidia.

“Sina namna ya kukuonyesha, Papa Honoré,” alisema. “Nilidanganya kwa sababu niliona haya.”

“Na huyo rafiki yako, umemwambia?”

“Bado.”

“Umwambie. Jambo hili lilianzia kule.”

Hapo Mama Henriette aliomba kusema. “Mimi ndiye nilimupeleka huyu mama hospitali siku alizaa huyu mutoto. Papa Julien alikuwa njia ya Kiwanja na gari yao ilikuwa imekwama. Mutoto nilimubeba mimi. Kuja mtaani, uliza nyumba kwa nyumba.”

Papa Honoré alikubali kwa kichwa. “Nitakuja. Na mimi nilikosa, nilishika neno la mutoto mumoja wa njiani nikaona linatosha.”

Kesho yake Bénita alimwambia Chance ukweli, langoni, kabla ya kengele. “Kwa hiyo ulinidanganya mara mbili,” Chance alisema, akaenda kukaa na wengine. Kwa siku kadhaa baadhi ya wanafunzi walimwita Bénita mtoto wa mfanyakazi. Hakuwajibu. Ilichukua muda kabla ya Chance kurudi kukaa karibu naye, na aliporudi hakuna aliyelizungumzia jambo hilo.

Papa Honoré alikuja, akapita nyumba kwa nyumba. Majuma yakapita. Mwishowe mama aliitwa, akapewa kibali chake, na siku ya pili yake akaondoka kwenda Kigoma.

Aliporudi, Bénita alimpokea mzigo, akamwandalia maji ya kuoga na chai. Mama alipokwisha kunywa, Bénita aliuliza kile alichokuwa akikiogopa.

“Bibi alisema nini alipokuona?”

“Hakusema,” mama alijibu. “Nilimkuta hai, na hali yake inaendelea kupata nafuu, lakini sauti ilikuwa imeshampotea. Mjomba wako anasema mpaka juma moja kabla sijafika alikuwa akiongea, akiniulizia. Nilimshika mkono. Alijua ni mimi.”

Bénita aliinamisha kichwa. Juma moja. Hakuhitaji kuambiwa kwamba dosie ilisimama kwa muda mrefu kuliko huo.

“Sikukwambia ili nikuumize,” mama alisema. “Ningeweza kukuficha, lakini katika nyumba hii kumefichwa ya kutosha. Sikiliza, mwanangu. Kuitwa mfanyakazi hakukunidhalilisha, maana kazi nafanya kila siku na inakulisha. Kuona haya nako si kosa, kila mtu huona haya. Kosa lilikuwa kuikwepa haya yako kwa uongo. Ulipoitupa, haikupotea. Ilimwangukia Mama Henriette, ikamwangukia papa yako, ikamfikia na mama yangu kitandani kwake. Siku nyingine ukiona haya, ibebe mwenyewe na useme kweli. Itakuwa nzito, lakini itakuwa yako peke yako, na itaisha.”

“Nimekusikia, Mama,” Bénita alisema.

“Haya. Mjomba wako anasubiri simu yetu. Ataiweka karibu na sikio la bibi. Hawezi kukujibu, lakini anasikia. Msalimie.”

Mama alipiga, na Bénita akapokea simu kwa mikono miwili. “Shikamoo, Bibi,” alisema. “Ni mimi Bénita, mtoto wa Sikudhani.”