Mashati Yaliyoziba Jua

Duka la vifaa vya umeme lilikuwa limefurika mpaka mlangoni. Fundi, binti aliyezoea kusukumana na wanaume kwenye kaunta ile, alikuwa na ovaroli ya bluu na kilemba chekundu kilichofungwa kwa maringo. Mbele yake kijana mrefu mwenye shati jeupe pe alikuwa akiagiza jenereta ya kuweka kwenye mashua yake, achajie mota ya umeme ya kiboti chake.

"Kaka, mashua yako haina sola?" Fundi akadakia.

"Ninayo, dada yangu. Lakini ni ya taa na friji."

"Basi jenereta ya nini? Betri ya mashua ikishajaa mchana, jua linalobaki linapotea bure. Hilo ndilo la kuchajia mota."

"Nani ataniunganishia?"

"Unazungumza naye."

Kijana akacheka, na jenereta ikabaki dukani. Watu walimwita Nahodha. Aliishi kwenye mashua iliyotia nanga mbali kidogo na gati, na kiboti ndicho kilichokuwa miguu yake ya kufika nchi kavu. Fundi alimfungia chaja, akaitegesha ifanye kazi pale tu betri ya mashua ikishajaa, ili friji isilale njaa. Kazi ilipokwisha, mapenzi yalikuwa yameshashika mizizi, na simu zikawa haziishi.

"Umekula, malkia wangu wa waya?"

"Nimekula. Mota imejaa?"

"Imejaa. Mbona huniulizi mimi kama nimejaa?"

"Wewe huna taa ya kuonyesha."

Fundi akawa anatembea kifua mbele. Baba yake, aliyetengeneza injini za petroli maisha yake yote, alikuwa amemwambia jua halisukumi boti. Sasa kila jioni alimpeleka gatini akamwone Nahodha anavyokata maji kimya kimya. "Jua tupu, Baba," alimwambia.

Jumamosi moja alimsindikiza mzee saluni kunyoa. Chini ya kioo, pembeni ya mashine za kunyolea, aliiona betri ya mota imechomekwa ukutani. Aliitambua kwa utepe wa njano alioufunga mwenyewe.

"Ya Nahodha hiyo," kinyozi akasema. "Huja kuichaji hapa."

Baba akaketi, akajifunga kitambaa shingoni. "Kumbe jua limehamia saluni," akasema.

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Nahodha alipiga simu mara nyingi, Fundi akapokea moja tu.

"Mpenzi, betri ilikuwa haijai. Sikutaka uaibike."

"Ungeniambia, ningetafuta kosa langu. Umenificha, nikaenda kujisifu kwa uongo mbele ya baba yangu. Kesho nakuja kuing'oa chaja."

Kesho yake Nahodha alimfuata gatini kwa makasia, kwa kuwa mota haikuwa na chaji. Fundi alipanda mashuani uso umekunjwa, mkoba wa vifaa begani. Mara akasimama. Kwenye kamba, juu ya paneli za sola, mashati meupe yalikuwa yanakauka, na vivuli vyake vimelala katikati ya paneli.

"Nani kaanika haya?"

"Mimi. Nafua kila siku."

"Tangu lini?"

"Tangu nikujue." Nahodha akatazama chini. "Wewe ni mtu wa kazi safi. Ningekujaje kwako na shati chafu?"

Fundi hakujua acheke au alie. "We mwanaume, paneli haitaki kivuli hata cha kiganja."

Aliyaanua mwenyewe, moja moja. Kisha wakakaa, wakaambiana yote yaliyowakaba kooni. Betri ya mashua iliposhiba, taa ya chaja ikawaka, na kabla jua halijazama mota ilikuwa imejaa.

Baba yake alikuwa gatini walipofika. Nahodha alikuwa na shati lenye mikunjo, tena na doa la kutu kifuani.

"Makasia yako wapi?" mzee akauliza.

"Nimeyaacha kwenye mashua, mzee wangu. Leo nimeletwa na kazi ya binti yako peke yake. Na nimekuja kumposa."

Mzee akainama, akaipapasa mota kwa kiganja kilichozoea injini, akainuka polepole.

"Kazi ni ya mwanangu kweli," akasema. "Hilo la posa muulize mwenyewe."

Fundi akamnyoosha Nahodha kola, mbele ya baba yake na gati zima.

"Nimekubali," akasema. "Ila nguo zetu tutaanika nchi kavu."