Matofali Chini ya Gari la Osundwa

Enyi wenzangu mnaoishi boma moja na hamsalimiani, sogeeni karibu. Kisa hiki ni chenu, na leo sitambembeleza mtu.

Kule Navakholo, mwaka wa tisini na sita, kulikuwa na asubuhi moja tulivu sana. Umande ulikuwa haujakauka kwenye miwa, na Zilpah alikuwa ndani akichambua mboga ya mrenda huku mtoto Mitchel akimsimulia vituko vya shule. Mitchel alikuwa binti wa shemeji yake, Erastus, mwenye umri wa miaka saba na maneno ya miaka sabini. Watoto wa Zilpah mwenyewe, Makhanu na wadogo zake, walikuwa wamekua na kwenda zao, na kusema kweli alimpenda msichana huyo kuliko kitu chochote kilichobaki katika boma lile. Basi wakiwa katika kucheka, mlango ukafunguliwa kwa kishindo.

"Huyu anatafuta nini hapa?" Osundwa, mumewe Zilpah, alinguruma. "Nilisema damu ya Erastus isikanyage kwangu! Toka!"

Mitchel akatimua mbio na kupotelea kwenye miwa.

Hapo "kwangu" palikuwa ndani ya gari. Msicheke. Osundwa alikuwa dereva wa Mzungu wa mradi wa maji, na Mzungu alipofunga safari ya kwao alimwachia gari lake la kulala, lenye kitanda, jiko na kabati humo humo. Osundwa akalileta nyumbani, akaliegesha kwenye mteremko wa shamba la marehemu baba yake, akatangaza kwamba nyumba yake imefika ikiwa imejengwa tayari.

Na kwa nini Osundwa asiingie kwa mdogo wake Erastus hata kunywa maji? Kwa sababu ya nyama. Siku ya matanga ya baba yao, Erastus ndiye aliyesimamia kugawa fahali. Katika boma lile kidari ni cha kifungua mimba. Erastus akampa mjomba kidari, kaka yake akampa ubavu, mbele ya ukoo mzima. Erastus alisema ni kusahau tu. Osundwa alisema ni dharau. Mpaka leo mimi sijui ilikuwa nini, ila najua nyama yenyewe iliisha siku hiyo hiyo, na chuki yake ilikuwa imeshafikisha miaka mitatu.

Sasa lile gari lilikuwa limeinama upande. Mafuta ya kukaangia yalikimbilia upande mmoja wa karai, maji yalituama kwenye beseni la kuoshea vyombo, na kila kulipokucha Zilpah alijikuta amebanwa ukutani na uzito wa mumewe. Lilihitaji kuinuliwa upande wa chini na kuwekewa kitu imara cha kulikalisha sawasawa. Zilpah alizunguka akitafuta kitu hicho. Mawe ya mtoni yalikuwa ya mviringo, yangebingirika. Mkaratusi uliokatwa juzi ungepasuka ukianza kukauka. Lakini ng'ambo ya ua, katika banda la Erastus ambaye alikuwa fundi mbao, vilikuwa vimelala vipande vya mvule vilivyokauka miaka, vizito, vya mraba, ambavyo mkewe Jescah alivifanya viti vya kukalia akimenya viazi.

Zilpah akajikaza, akaenda kuomba.

"Shemeji, nisaidie vile vipande vichache. Gari litatuangusha."

Erastus hakuacha kupiga randa. "Vipo, na siuzi. Ni bure. Lakini aje mwenyewe. Asimame hapo uliposimama wewe, aniambie, 'Ndugu yangu, naomba.'"

"Unajua hawezi kusema hivyo."

"Basi aendelee kulala kama popo."

Aliporudi na ujumbe huo, nusura Osundwa ampige. "Umeenda kuniombea kwa yule? Mimi, mkubwa wake? Afadhali nilalie miiba!"

Kesho yake alikokota mkokoteni uliojaa matofali. Aliyaokota bure penye tanuru la jirani, yale ya safu ya nje ambayo moto huwa hauyafikii vizuri, na mwenyewe alikuwa ameyatupa. Zilpah akachukua moja, akalikwangua kwa ukucha, likamomonyoka.

"Baba Makhanu, haya hayajaiva. Mvua ya hapa unaijua. Kila jioni inanyeshanga."

"Mvua itaingiaje chini ya gari? Gari si ndilo paa?"

"Maji hayatoki juu peke yake. Mteremko wote huu unashukia hapa."

"Mwanamke, wewe ulisomea udereva lini?"

Osundwa akalipiga gari jeki. Akayapanga matofali chini ya ekseli, kisha akazing'oa tairi za upande ule na kuzifungia ndani zisiibwe. Akashusha jeki. Gari likakaa sawa kabisa, na Osundwa akalizunguka akijipongeza. Saa hiyo hiyo Erastus akafika kwenye ua. Alichungulia matofali yale kwa muda mrefu. Zilpah alimtazama usoni akingoja aseme neno, maana yeye ni fundi na alijua alichokuwa akikiona. Erastus akatabasamu upande mmoja wa mdomo, akaenda zake.

Wasomaji wangu, hapo ndipo ninapotamani kumshika mtu mashati. Lakini tuendelee.

Amri ya Osundwa ilibaki pale pale: Mitchel asikanyage ndani. Zilpah, kwa kumpenda, akabuni njia. Mtoto akitoka shule apenye chini ya gari, naye angempitishia andazi au kipande cha nduma pale kwenye ngazi, mzee asione. Mtoto akaufurahia mchezo huo. Na mvua ikimkuta njiani, pale chini ndipo alipojificha, kwa kuwa mlango ulikuwa juu ya kichwa chake na haukuwa wa kwake.

Mvua zikashika. Siku ya tatu ya mvua ile kubwa ya mawe, maji yaliteremka shambani mekundu, yakapita chini ya gari yakilamba matofali. Zilpah alikuwa akisonga ugali. Akasikia sauti ndogo chini, "Mama Mkubwa, niko hapa." Akainama kuchukua andazi. Sakafu ikazama upande mmoja. Sufuria ikaruka, kabati likamwaga vyombo, naye akatupwa ukutani.

Kelele aliyoisikia kutoka chini ilikuwa moja tu, kisha ikakatika.

Akatoka kwa kutambaa. Matofali yalikuwa yamegeuka uji wa udongo, na ekseli imelala matopeni. Osundwa akaja mbio kutoka kwenye miwa, akaweka jeki, jeki ikazama. Akaiweka tena, ikazama tena. Haikuwa na kitu kigumu cha kusimamia.

"Uuuwi! Erastus! Leta mbao!" Zilpah alipiga yowe.

Erastus alikuwa amefika kwenye ua, amefunika kichwa kwa gunia. Alilitazama gari lililopinduka nusu, akamtazama kaka yake akigaagaa topeni. "Nilijua tu," alisema. "Siku ile ile niliyaona, nikajua. Hebu mwambie sasa aniombe."

"Mitchel yuko chini!"

Sitasahau alivyonisimulia Zilpah uso wa baba yule. Gunia lilianguka. Alikimbia bandani, akarudi amekumbatia vile vipande vya mvule, analia kama mtoto, akamtupia kaka yake bila hata mmoja kuomba. Wakaviweka chini ya jeki, wakainua. Zilpah ndiye aliyeingia matopeni na kumvuta mtoto. Alikuwa hai. Mguu wake wa kushoto, kuanzia chini ya goti, haukuwa mguu tena.

Katika hospitali ya mjini Kakamega waliukata siku iliyofuata.

Mngedhani ndugu wale wangekumbatiana. Thubutu! Walisimama huku na huku kwenye kitanda cha mtoto, mbele ya Jescah aliyekuwa amekaa sakafuni hana hata machozi.

"Matofali yako yamemla mwanangu!"

"Na wewe uliyaona ukanyamaza! Mchawi ni nani?"

"Kama ungekuja kuomba..."

"Kama ungenipa kidari changu..."

Mitchel akafumbua macho. Akatafuta mkono wa Zilpah kwenye shuka, akasema kwa sauti ya usingizi wa dawa, "Mama Mkubwa, waambie nitawaombea mimi hizo mbao. Waache kupigana."

Zilpah akasimama. Mwanamke yule ambaye hakuwahi kumpandishia mumewe sauti aliwasukuma wanaume wote wawili mpaka nje ya wodi, akafunga mlango, akaegemeza mgongo wake pale.

MAFUNZO

Jamaa zangu, msije mkaniambia kisa hiki kinahusu matofali. Atakayeinua gari, ndiyo, atumie mti mkavu wa mraba, wala asikubali tofali lisiloiva, na asiitoe tairi ambayo ingemsaidia. Hilo ni jambo dogo na kila dereva analijua.

Funzo ni hili: kinyongo cha watu wazima huwaangukia watoto. Aliyekataa kuomba ana hatia. Aliyekataa kutoa mpaka aombwe ana hatia. Na yule aliyeiona hatari akatabasamu akaenda zake, huyo ana hatia mara mbili, hata kama mtoto aliyeumia ni wake. Wahenga walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, nasi tunausema msemo huo kila siku tukidhani nyasi ni watu wengine.

Kama una ndugu ng'ambo ya ua, nenda leo. Usingoje aanze yeye. Mitchel anatembea kwa gongo kwenda shule, na njiani hupita katikati ya nyumba za wakubwa hao wawili. Humwamkia kila mmoja. Wao kwa wao bado hawajaamkiana.